Mgeni Rasmi Yuko Mlandizi

Tangazo lilisomwa Jumatatu asubuhi pale Maili Moja, mbele ya jengo la ghorofa moja lenye duka la dawa chini na ofisi juu, kwa kipaza sauti kilichoazimwa kwa muuza sumu ya panya. Mamlaka ya Kustawisha Filamu na Makofi, kwa kifupi MAKUFIMA, ilipenda kuwajulisha wananchi wote wa Kibaha na Kisarawe kwamba tatizo la watu kutotazama filamu na kutohudhuria tuzo limekwisha. Lilikwisha Ijumaa iliyopita kwenye kikao, muda mfupi kabla ya chai. Wananchi waliombwa kuwa watulivu na kuendelea na shughuli zao.

Wananchi walikuwa wanaendelea nazo. Muuza mahindi hakugeuka. Mpiga debe mmoja wa stendi alisogea, akasikiliza kidogo, akauliza, "Mzee, yako inakwenda wapi? Mbona hutaji vituo?"

Msomaji wa tangazo alikuwa Bwana Telesphory, Kaimu Mkurugenzi wa Mamlaka. Alikuwa amekaimu kwa muda mrefu hivi kwamba watoto wa jirani walidhani Kaimu ndilo jina lake la ubatizo. Mlinzi wa jengo alimwamkia kila siku, "Shikamoo Mzee Kaimu," naye aliitikia marahaba huku moyo ukimuuma. Kiti chake cha ofisini bado kilikuwa kimevikwa nailoni ya dukani, kwa kuwa aliyeruhusiwa kuivua ni mkurugenzi aliyethibitishwa. Msimu wa joto alikuwa akisimama nacho.

Mwaka huu mambo yalikuwa mawili tu, na aliyeyapanga ni Mheshimiwa Badru, Mwenyekiti wa Bodi, mtu mwenye mwili wa kujaza meza kuu peke yake. "Telesphory," alimwambia, "siku ya tuzo mimi ndiye mgeni rasmi. Ukumbi ukijaa, barua yako ya kuthibitishwa nakupa palepale jukwaani. Usipojaa, nakurudisha ulikotoka."

Alikotoka ni stoo ya viti vya plastiki.

Ni vyema ikaeleweka kwamba hali ilikuwa mbaya kweli. Tuzo za mwaka uliotangulia zilihudhuriwa na washindi, mama zao, na bwana mmoja aliyekuja kudai viti vyake vilivyokuwa vimekaliwa. Matangazo ya moja kwa moja yalitazamwa na fundi aliyekuwa akiyarusha, naye alikiri baadaye kwamba alisinzia. Kamati ilikaa, ikachunguza, ikagundua chanzo: filamu zilikuwa na watu wanaofanya mambo bila taarifa. Mtazamaji amekaa, ametulia, mara mhusika anamzaba mwenzake kofi. Hakuna ajenda wala wasilisho. Mtazamaji anashtuka, anakwenda zake nyumbani, harudi tena.

Dawa ilipatikana. Kuanzia sasa, miswada yote ya filamu ingeandikwa na Mtambo wa Akili Mnemba ulionunuliwa na Mamlaka. Mtu asiyeshika muswada wa Mtambo hapati kibali cha kurekodi hata harusi ya dada yake.

Mtambo ulikabidhiwa kwa Hamisa, mtaalamu wa kompyuta wa ofisi, dada mwenye akili nyingi na subira kidogo.

"Bosi," Hamisa alisema, "hiki kitu kinajifunza kwa kusoma. Tukilishe nini? Ninazo hadithi, ninayo michezo ya redio, ninavyo visa vya mtaani jinsi watu wanavyoongea."

"Wanavyoongea mtaani?"

"Ndiyo. Ili wahusika nao waongee kama watu."

Telesphory alimtazama kwa huruma. "Hamisa mwanangu, kuongea kama watu ndiko kulikotufikisha hapa."

Akafungua kabati la chuma. Akatoa mihtasari ya vikao, hotuba za ufunguzi, hotuba za ufungaji, nyaraka za ndani, risala, ratiba, na mafaili mengine yaliyokutwa ndani ya jengo ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Hiyo, alisema, ndiyo lugha safi. Ndani yake hakuna tusi wala busu.

Mtambo ukasoma. Ulisoma mchana kutwa bila kwenda kunywa chai, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika jengo lile. Jioni Hamisa alikuja na ripoti.

"Nimeuliza hujambo."

"Ukajibu?"

"Umesema salamu zangu zimepokelewa."

"Safi sana," alisema Telesphory. "Huo uko tayari."

Muswada wa kwanza ulitoka siku iliyofuata. Ulikuwa wa mapenzi, na jina lake lilikuwa *Taarifa ya Utekelezaji wa Mapenzi Baina ya Ndugu Yona na Ndugu Herieth*. Telesphory alijifungia ofisini akausoma peke yake. Katika ukurasa wa kwanza, Yona anamkuta Herieth kisimani, anasimama wima, anasema, "Awali ya yote, naomba nichukue fursa hii adhimu kukupenda." Herieth anatua ndoo. "Ahsante kwa wasilisho lako zuri, Ndugu Yona. Upendo wako umepokelewa na utafanyiwa kazi." Yona anauliza mrejesho atarajie lini. Herieth anasema taratibu zikikamilika. Wanapeana mikono, wanapigwa picha ya pamoja.

Telesphory alitoa leso. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona vijana wenye adabu namna ile.

Mbele kidogo, mwizi anaingia usiku nyumbani kwa kina Herieth. Anajitambulisha, anautambulisha ujumbe alioongozana nao, anawashukuru wenye nyumba kwa ushirikiano, anabeba runinga.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Hamisa alilionyesha kwa kidole. "Bosi, humu ndani kila jambo linamsubiri mgeni rasmi. Harusi inamsubiri. Mtoto anataka kuzaliwa, anamsubiri. Mazishi nayo."

"Utaratibu ndivyo ulivyo."

"Lakini hafiki. Filamu inaisha hajafika."

Telesphory alifikiri. Mtambo ulikuwa umesoma kumbukumbu za hafla zote, na katika kumbukumbu hizo mgeni rasmi ama alikuwa njiani, ama ametuma mwakilishi, na mwakilishi naye alikuwa njiani. "Mtambo umesema kweli," aliamua. "Tusiufundishe uongo."

Mtu wa mwisho kuja kuomba kibali wiki ile alikuwa Laurentia wa Kibuta, kule Kisarawe. Laurentia alilima mihogo asubuhi na kutengeneza filamu mchana. Waigizaji wake ni majirani, na mavazi yao ni yale waliyoamka nayo. Aliingia ofisini na mtoto mgongoni na kamera begani, akatoa muswada wake mwenyewe kuhusu mama mkwe aliyehamia kwa mwanawe kwa wiki moja mwaka juzi.

"Shikamoo Mkurugenzi."

"Marahaba. Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

"Kama Laurentia."

"Hapo ndipo tatizo lilipo, mama. Akishaandika mtu, hujui atasema nini." Akamsukumia muswada wa Mtambo. "Chukua huu. Ukikubali, kibali unakipata leo. Ukikataa, rudi kwenye mihogo."

Laurentia alikaa kwenye benchi kusoma. Alifika kwenye kisima, mabega yakaanza kutikisika. Alipofika kwa mwizi alijifunika uso kwa kanga. Mtoto mgongoni alikuwa akirukaruka kama yuko kwenye barabara ya vumbi.

"Usijikaze, mama," Telesphory alisema kwa upole. "Hata mimi nililia."

"Mkurugenzi," alisema Laurentia, sauti imebanwa, "niandikie kibali. Sitabadilisha kitu."

"Hata neno moja?"

"Hata nukta. Waigizaji wangu nitawaambia jambo moja tu: mtu asicheke."

"Hakuna pa kucheka."

"Ndivyo nitakavyowaambia."

Telesphory aligonga muhuri kwa mikono miwili. Wengine wote waliokuja wiki ile walitukana na kuondoka. Huyu alikuwa raia mwema wa kwanza.

Filamu ilirekodiwa Kibuta kwa siku chache, ikaanza kuonyeshwa kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mabati ambamo watu hubanana kwenye mabenchi kutazama mpira na filamu. Habari zilipomfikia Telesphory kwamba kibanda cha Sofu kinajaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya misumari, alivaa suti bila tai ili asitambulike, akaenda kujionea.

Hakuamini macho yake. Kwenye skrini, Mwanne, muuza nazi wa Kibuta, alikuwa amelala kitandani na uchungu wa kuzaa, uso mzito kama anasoma bajeti. Mkunga alimshika mkono. "Vumilia mama, usisukume. Mgeni rasmi yuko Mlandizi."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Telesphory aliona kwa macho yake mtu mzima akiteleza kutoka kwenye benchi mpaka chini, na hakuna aliyejisumbua kumwinua kwa sababu wa jirani naye alikuwa huko huko. "Mbavu sina!" mama mmoja alilia. "Mbavu sina jamani, nizikeni!"

Ikaja sehemu ya mazishi. Marehemu alikuwa Mzee Hashiru, aliyekubali kulala kwenye jeneza kwa sharti la kupewa mto. Waombolezaji wamesimama kaburini, jua linachoma, jeneza limetua. Mara kifuniko kinainuka kidogo, marehemu anauliza, "Amefika wapi?" Msemaji wa familia anajibu, "Yuko Mlandizi." Marehemu anatikisa kichwa kwa uelewa, anajilaza tena, anavuta kifuniko mwenyewe. Filamu iliisha watu wote wamesimama wanatazama barabara, mtoto hajazaliwa, mzee hajazikwa.

Telesphory alimgeukia kijana wa jirani, aliyekuwa akijifuta machozi kwa fulana. "Unaionaje filamu hii, ndugu?"

"Mzee, aliyeandika hii ni noma. Katusoma wote mpaka mifupani."

"Iliandikwa na Mamlaka."

"Mamlaka?" Kijana alianza kucheka upya. "Mzee acha, utaniua!"

Usiku huohuo Telesphory alimpigia simu Mheshimiwa Badru. "Mheshimiwa, wananchi wameguswa. Machozi yanawatoka. Wengine wamelala chini kabisa."

"Chini? Filamu yenyewe inahusu nini?"

"Inamhusu mgeni rasmi, Mheshimiwa. Kwa namna fulani, inakuhusu wewe."

"Ninaonekanaje humo?"

"Unasubiriwa kwa hamu kuanzia mwanzo hadi mwisho."

"Vizuri," alisema Badru, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Vizuri sana. Barua yako nimeshaisaini, nitakuja nayo kwenye koti."

Siku ya tuzo ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, katika ukumbi wa Sofu. Kufikia saa saba hapakuwa na pa kutia mguu. Watu wa Kibuta walikuja na lori la mkaa wamevaa nguo nyeupe. Wanakwaya wa parokia walikaa juu ya spika zao. Waliokosa viti walikaa madirishani, waliokosa madirisha walipanda juu ya tangi la maji. Telesphory alisimama pembeni ya jukwaa akahesabu safu kwa macho, akapotea, akaanza tena kwa furaha. Hata mkewe, Jenifa, ambaye hakuwahi kuhudhuria tuzo kwa sababu alisema anazo kazi, alikuwa safu ya tatu na kitambaa kipya kichwani.

Upungufu ulikuwa mmoja tu. Meza kuu ilikuwa tupu, na mtu yeyote aliyelelewa vizuri anajua kwamba hafla haianzi mpaka mgeni rasmi afike. Hata kama washindi wapo, hata kama pilau imeiva, hata kama mvua inakuja. Ndivyo ilivyo.

Saa nane ikapita. Saa tisa nayo. Telesphory akapokea simu, akashika kipaza sauti, akakohoa.

"Ndugu wananchi, naomba utulivu. Tumepata taarifa sasa hivi. Mgeni rasmi yuko Mlandizi."

Mlio uliotoka ndani ya ukumbi ule uliruka mpaka barabara kuu. Watu walisimama juu ya viti. Mtu mmoja alidondoka kutoka kwenye tangi, akapanda tena ili acheke vizuri. Telesphory alirudi nyuma hatua moja. Hakuwahi kupigiwa makofi maishani, isipokuwa siku ya harusi yake, na hata siku ile mengi yalikuwa kwa ajili ya Jenifa.

"Naomba tuwe na subira," aliendelea.

"Mwone uso wake!" mama mmoja alipiga kelele. "Hata hacheki! Huyu baba ni hatari!"

"Wakati tunasubiri, kwaya itatuburudisha. Baada ya hapo tutaendelea kusubiri."

"Umetisha, mzee! Mwaga tena!"

Telesphory aligundua kwamba anapendwa. Ilimshangaza, kisha ikamwingia kama chai ya tangawizi. Akatoa itifaki nzima mfukoni, orodha ya waheshimiwa kuanzia juu hadi mjumbe wa shina, akaisoma yote, na kila cheo ukumbi ulikirudia kwa sauti moja kama litania. Alipotangaza kwamba msafara sasa umefika Visiga, hatua moja mbele, watu walikumbatiana. Alipojisahihisha kwamba bado uko Mlandizi, kuna tairi, wanaume wazima walitupa kofia juu. Laurentia, aliyekaa mbele na mtoto wake, alikuwa akimtazama kwa heshima ya fundi kwa fundi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Mheshimiwa Badru alipofika kwenye geti. Getini alisimama Zaidi, mgambo wa mtaa, aliyekuwa ameitazama filamu mpaka anajua jeneza linafunguka saa ngapi.

"Fungua," alisema dereva.

"Mmebeba nani?"

Badru alishusha kioo. "Mimi ni mgeni rasmi."

Zaidi alilazimika kushika geti asianguke. "Mzee wangu, shikamoo. Umejitahidi, na suti imekukaa. Ila mgeni rasmi haji. Hata watoto wanajua haji."

"Kijana, mimi ndiye Badru!"

"Na mimi ndiye Herieth. Sogeza gari, unazuia watu wa soda."

Badru hakuwa mtu wa kubishana na mgambo. Alishuka, akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa wapishi, akapita kati ya masufuria akiwa na masizi kwenye mkono wa koti, akatokea jukwaani. Akainua mikono yote miwili, kama anavyofanya siku zote, ili watu wasimame.

Hakuna aliyesimama.

"Huyu nani?" sauti ilisikika.

"Anasema ndiye mgeni rasmi."

"Amefika?"

"Amefika."

"Mbona wanaharibu? Mgeni rasmi si haji?"

"Utamu wote umekwisha. Mama Mwanne, twende zetu."

"Rudi Mlandizi!" mtu wa kwenye tangi alipiga kelele, na ukumbi ukaitikia, "Rudi Mlandizi!" Safu ya nyuma ilianza kunyanyuka. Ya pili kutoka nyuma ikafuata. Watu wa Kibuta wakaanza kuulizana lori liko wapi.

Badru alimgeukia Telesphory, shingo imevimba. "Wazuie! Wakitoka hawa, hii barua naichana." Akapapasa koti, bahasha ikaonekana ncha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuacha maelekezo yoyote kuhusu wenyeji waliokuwa wamepona mpaka mgeni alipofika. Telesphory alitafuta kamati kwa macho. Kamati ilikuwa safu ya tano, nayo ilikuwa inakusanya mikoba. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake ilimpasa aamue jambo kabla ya kikao. Badru akikaa, ukumbi unatoka, barua inachanwa. Badru akitoka, ukumbi unakaa, lakini barua nayo inatoka naye, ndani ya koti lake. Alimtazama Jenifa. Jenifa alikuwa bado amekaa, amekunja mikono, anamngoja aone atafanya nini.

Akamsogelea Mwenyekiti, akamshika kiwiko kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mkwe.

"Mheshimiwa, naomba utoke nje."

"Unasemaje?"

"Maelekezo yako ni kwamba ukumbi ujae. Wewe ukiwemo haujai. Ninatekeleza maelekezo yako, Mheshimiwa."

"Telesphory, unajua unaongea na nani?"

"Najua, Mheshimiwa, ndiyo maana nakushika taratibu. Angalia ngazi."

Akamwongoza polepole mpaka kwenye mlango wa wapishi, akamtoa, akausukuma ukafungika. Akarudi mbele, akachukua kipaza sauti. Alisema jambo pekee alilokuwa na uhakika nalo.

"Ndugu zangu, samahani kwa usumbufu. Hayupo tena."

Waliokuwa mlangoni walirudi wakikimbia. Ukumbi ulipiga makofi mpaka mabati yakaanza kuitikia. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kufungua hafla, ilibidi hafla ijifungue yenyewe. Laurentia aliitwa, akapewa tuzo zote kwa sababu hapakuwa na filamu nyingine, akaombwa aseme neno.

"Ahsanteni," alisema. "Mazungumzo baada ya chakula. Pilau inapoa."

Hapo ndipo kelele zilipokuwa kubwa kuliko zote. Watu walikula jua likiwa bado lipo, kitu ambacho wazee wa Sofu walisema hawajakiona kwenye shughuli yoyote tangu uhuru. Nyuma ya ukumbi, Mheshimiwa Badru alikuwa ameketi juu ya kreti la soda kati ya wapishi. Mpishi mmoja alimpa sahani. "Kula baba, usinune. Majukumu yapo tu." Akala. Ilikuwa mara yake ya kwanza kula kabla ya kuhutubia, na hakujua kwamba pilau huwa ya moto.

Laurentia alimkuta Telesphory akikusanya waya wa kipaza sauti. "Baba, leo umetubeba. Uigizaji wa hivyo sijawahi kuuona."

"Sikuigiza, mama."

"Ndiyo maana," alisema Laurentia, akahamisha mtoto bega la pili, akaenda zake.

Jumatatu Telesphory alikwenda ofisini na boksi tupu, tayari kuhamia stoo. Alimkuta Badru amesimama dirishani, bahasha mkononi, uso una aibu ya mtu aliyesifiwa kwa kosa. Jumapili alikuwa amepigiwa simu kutoka juu. Walikuwa wamesikia kwamba Kibaha kumefanyika hafla iliyojaa mpaka kwenye tangi, haikuwa na hotuba, na iliisha kabla ya giza. Waliuliza ni nani aliyebuni mkakati huo.

"Nikasema mimi," alisema Badru.

"Sawa kabisa, Mheshimiwa."

"Wametoa waraka." Aliusoma kama mtu anayesomewa hukumu. Kwa lengo la kulinda mahudhurio, kuanzia sasa hakuna mgeni rasmi atakayehudhuria hafla yoyote katika Kibaha na Kisarawe. Atasubiriwa, lakini asije. Akitaka kutuma salamu, asitume. "Nimealikwa mahafali, harusi na ufunguzi wa kisima," aliongeza kwa sauti ndogo. "Kadi zote zinasema *tunakuomba usifike*."

Kisha akampa bahasha, kwa sababu baada ya simu ile asingeweza kufanya vingine. Telesphory aliisoma akiwa amesimama. Neno Kaimu halikuwemo. Alirudia kulitafuta, halikuwemo hata nyuma. Aliketi, akasimama, akamwita Hamisa, akamwonyesha.

"Hongera, Mkurugenzi," Hamisa alisema, kisha akausoma waraka uliokuwa pembeni mpaka chini kabisa. "Bosi, umeona hapa? Mgeni rasmi maana yake ni mtu yeyote mwenye cheo cha ukurugenzi kamili na kuendelea. Kaimu hahusiki. Kaimu anaruhusiwa kwenda popote."

Telesphory alisema waraka ni waraka.

Filamu ya pili ya Laurentia, ile ya mama mkwe, ilipata kibali bila kupitia kwa Mtambo, kwa sababu foleni ya kuitazama ilikuwa imeanza kabla haijarekodiwa. Ilizinduliwa Jumamosi katika ukumbi uleule wa Sofu, mtaa wa pili kutoka nyumbani kwa Mkurugenzi. Saa saba mchana Jenifa alitoka chumbani amejipamba, watoto nyuma yake, na shangazi, na dada wa kazi.

"Baba Stella, sisi tunakwenda. Ugali uko kwenye sufuria, mboga kwenye bakuli. Ukitoka ndani ukae barazani, usiegemee geti, watu watakuona watadhani unakuja."

"Mtanisimulia?"

"Tukikumbuka," alisema Jenifa, akafunga geti kwa nje.

Mkurugenzi alikaa barazani na suti yake. Kelele za kwanza zilifika baada ya muda mfupi, kisha makofi, kisha kicheko kimoja kirefu kilichopita juu ya mapaa kama mvua. Alivumilia kadiri alivyoweza. Mwishowe alisimama, akafunga vifungo vya koti, akaugeukia uwanja, akaanza kuwatambua waheshimiwa waliopo.

Kuku wawili walihudhuria. Alipofika kwenye *itifaki imezingatiwa*, mmoja aliondoka. Wa pili alibaki mpaka mwisho, lakini huyo alikuwa anaatamia.